Nani Alimkabidhi Mtoto? Mfalme Edipode Anapopanda Milima ya Upare

Najua wengi mnamalizia kazi za semista na wengine akili yote iko kwenye bumu, lakini naomba mnipe dakika kumi tu. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu tuanze mazoezi, na leo nalitoa.

Kwa wasiojua, kikundi chetu kidogo kinajiandaa kwenda kuigiza Mfalme Edipode huko Same wakati wa likizo. Ndiyo, ile ile ya Sophocles tuliyosomeshwa darasani mpaka tukaichoka. Sasa kwenye mazoezi umezuka ubishi. Nusu ya kikundi wanasema tuihamishie Upareni moja kwa moja: mfalme awe Mpare, mlima uwe wa kwao, na mtoto anayetupwa atupwe Malameni. Nusu nyingine wanasema iachwe Ugiriki kama ilivyo. Mimi niko upande wa pili, na nataka nieleze kwa nini. Ila sababu yangu inapitia kwenye historia, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Kwanza, tuondoe ile hoja ya kwamba Wagiriki si wetu. Tamthilia hii ina miaka zaidi ya hamsini katika Kiswahili. Mwalimu Nyerere alifungua njia mwaka 1963 alipotafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, akairekebisha na kuitoa tena 1969 kama Juliasi Kaizari, mwaka ule ule wa Mabepari wa Venisi. Katikati hapo Samuel Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968, na mwaka 1971 akatuletea Mfalme Edipode. Yaani miaka kumi baada ya uhuru Mtanzania aliweza kumsoma Sophocles kwa lugha yake mwenyewe. Huko Nigeria, Ola Rotimi alichagua njia nyingine. Mwaka 1968 aliichukua stori ile ile akaivika mavazi ya Kiyoruba, akaiita The Gods Are Not to Blame. Kwa hiyo ubishi wetu wa kuhamisha au kutohamisha si mpya hata kidogo, wakubwa zetu wameshaupitia.

Haya, kwa wale waliosoma muhtasari tu usiku wa kuamkia mtihani, stori iko hivi. Laius, mfalme wa Thebes, anatabiriwa kwamba mwanawe atamwua. Mkewe Jocasta anajifungua mtoto wa kiume. Kabla mtoto hajatimiza siku tatu, vifundo vya miguu yake vinatobolewa na kufungwa pamoja, kisha anapewa mchungaji akamtupe mlimani Kithairon afe. Mchungaji anashindwa, anamhurumia, anampa mchungaji mwenzake kutoka Korintho. Mtoto analelewa na mfalme wa Korintho asiye na mtoto, na anaitwa Edipode, jina linalohusishwa na miguu iliyovimba. Akiwa kijana anasikia kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Anakimbia Korintho ili asiwadhuru wale anaodhani ni wazazi wake. Kwenye njia panda anagombana na mzee mmoja na kumwua. Anafika Thebes, anategua kitendawili cha dubwana lililokuwa linaangamiza watu, anapewa ufalme na mjane wa mfalme. Wanazaa watoto wanne. Miaka inapita, tauni inaingia mjini, na mungu anasema muuaji wa Laius atafutwe. Mnajua inavyoisha: Jocasta anajinyonga, Edipode anajitoboa macho kwa vibanio vya nguo ya mkewe.

Kila mtu akisimuliwa hii anashtukia jambo moja, kwamba amemwoa mama yake! Kweli linatisha. Lakini ukiisoma taratibu, na hasa ukilazimika kuikariri kwa ajili ya jukwaa, unagundua kuna siri nyingine ndani ya siri. Hiyo ndiyo ninayotaka tuikazie macho.

Katikati ya tamthilia Jocasta anajaribu kumtuliza mumewe. Anamwambia utabiri ni upuuzi, kwani yeye na Laius walikuwa na mtoto, na Laius alimfunga miguu na kumtupisha mlimani kwa mikono ya watu wengine. Sikilizeni anavyopanga maneno. Aliyefanya ni Laius, waliobeba ni watu wengine, na mama mwenyewe hayumo kabisa kwenye sentensi.

Halafu karibu na mwisho analetwa yule mchungaji, sasa ni mzee. Edipode anambana, na mzee anakwepa mpaka anatishiwa kuumizwa. Mwisho anasema mtoto alikuwa wa nyumba ya Laius, na kwamba mwenye kujua vizuri ni mama aliyeko ndani. Edipode anauliza kama ni yeye aliyempa. Mchungaji anajibu ndiyo. Kwa kazi gani? Ya kumwangamiza. Mama mzazi kabisa? Ndiyo, kwa kuogopa utabiri.

Kwa hiyo aliyemkabidhi mtoto ni mama yake. Miaka yote hiyo Jocasta ameishi na jambo hilo, na hata siku aliyoamua kulitaja kwa mume wake wa pili alilisema nusu, akamwachia marehemu mzigo wote. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba hapo ndipo penye ndoa yenyewe, ndoa mbili kwa kweli. Ya kwanza ilianza na kitendo ambacho mume na mke walikifanya pamoja kisha hawakukitaja tena. Ya pili ilijengwa juu ya ukimya wa ile ya kwanza.

Na kuna kipande kingine ambacho wengi tunakiruka. Mchungaji huyu huyu ndiye pekee aliyenusurika siku Laius alipouawa njiani. Aliporudi mjini na kumkuta Edipode ameshika ufalme, alimshika Jocasta mkono akamsihi ampeleke machungani mbali, asiuone hata mji. Jocasta akakubali. Hakuuliza kwa nini? Sophocles hasemi. Ila kila mtu aliyewahi kukaa kwenye nyumba yenye siri anajua namna mtu anavyoweza kutimiza ombi haraka haraka ili asisikie sababu yake.

Mfaransa Voltaire, mwaka 1719, alilalamika kwamba stori hii haiingii akilini: inawezekanaje mtu awe mfalme miaka yote hiyo bila kuujua undani wa kifo cha aliyemtangulia, tena akiwa amemwoa mjane wake? Kwa hoja ya mantiki ana haki. Lakini jamani, Voltaire hakuwahi kuoa! Wangapi kati yetu tuna wazazi wanaojua kila kitu kuhusu maisha ya mwenzao kabla hawajakutana? Kuna milango ndani ya ndoa ambayo haifunguliwi, na kutoifungua kunaitwa heshima.

Likizo iliyopita nilimsimulia bibi yangu mzaa mama stori hii yote jikoni kwake, yeye akichambua maharage. Bibi ni wa huko milimani. Alinyamaza muda mrefu, halafu hakuuliza habari za mfalme wala utabiri. Aliuliza, "Sasa huyo mama, ile miguu alikuwa haioni?"

Nilibaki sina jibu. Makovu yako kwenye vifundo vya miguu. Edipode mwenyewe anasema ameyabeba tangu utotoni. Wamelala kitanda kimoja, wamepata watoto wanne. Mke asione miguu ya mumewe? Nikamwambia, "Bibi, hicho kitabu hakisemi." Akasema, "Aliona, mjukuu wangu. Ila kuona na kujua si kitu kimoja." Nikamuuliza kama yeye alisikia lolote kuhusu Malameni akiwa mtoto. "Hayo ni ya zamani," akajibu, akaomba nimsogezee ungo. Ikaishia hapo.

Sasa tuje Malameni, maana wasomaji wengi hapa hamjafika Same zaidi ya kuiona kwenye dirisha la basi la Arusha, mkinunua maji na kuangalia ukavu wa tambarare. Juu ya ukavu ule kuna nchi nyingine. Milima ya Upare Kusini inapanda mpaka kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, na huko kuna misitu, migomba, tangawizi na baridi ya kutosha. Wenyewe wanajiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Huko Mbaga kuna mapango ya Mghimbi, ambako watu walijificha wavamizi wa kukamata watumwa katika miaka ya 1860. Na kuna mwamba unaoitwa Malameni. Hapo, mpaka miaka ya 1930, watoto wachanga walioaminiwa kuwa na mkosi walipelekwa kufa, ili balaa isiwakute wengine.

Mkosi gani? Mfano unaojulikana zaidi ni wa meno, mtoto kutanguliza meno ya juu kabla ya ya chini. Na kabla watu wa pwani hamjaanza kutikisa vichwa, kumbukeni kwamba Kiswahili chenyewe kina neno la mtoto huyo: kigego. Lugha haitengenezi neno kwa jambo isilolijua. Kamusi za zamani zinaeleza kwamba kigego alihesabiwa kuwa na mkosi na kwamba zamani aliweza kuuawa. Kwa hiyo hili halikuwa la Wapare peke yao.

Wala halikuwa la Waafrika peke yao. Kutupa watoto wachanga ilikuwa desturi inayojulikana Ugiriki, iliyoandikiwa hata sheria. Kwenye mji wa Gortyn, kisiwani Krete, sheria zilichongwa ukutani katika karne ya 5 kabla ya Kristo, yaani karne ile ile ya Sophocles. Sheria hiyo inasema mwanamke aliyeachika akijifungua, lazima kwanza mtoto apelekwe kwa yule mume mbele ya mashahidi. Mume akimkataa, mama ana uamuzi wa kumlea au kumtupa. Lakini akimtupa kabla hajamwonyesha, anatozwa faini: stateri 50 za fedha kama mtoto ni huru, 25 kama ni mtumwa. Basi jiulizeni, watu waliokaa kwenye mabenchi ya mbao ya Athene wakimtazama Edipode walikuwa wanaangalia hadithi tu? Naamini walikuwemo humo ambao jambo hilo lilikuwa limepita nyumbani kwao. Labda ndiyo maana siku ile Sophocles alishika nafasi ya pili tu kwenye mashindano, lakini huo ni utani wangu.

Hapa nataka kusema kitu kwa ukali kidogo. Wagiriki wakitupa mtoto mlimani tunaita klasiki, tunaifanyia mtihani. Wapare wakifanya jambo hilo hilo linaitwa ushenzi, mtalii anaonyeshwa mwamba na kupigwa picha. Sitetei kitendo. Mtoto ni mtoto, iwe Kithairon au Mbaga. Ninachotetea ni kwamba wazazi wa Upareni nao walikuwa na hofu, na usiku wao, na mchungaji wao aliyesita.

Tatizo ni kwamba historia yetu haijatuachia sauti zao. Angalieni tulichonacho. Kuna kitabu cha Jakob Dannholz, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig aliyekaa Mbaga, kilichochapishwa 1916 kwa Kijerumani. Kina mengi, lakini jina lake lenyewe linawaweka Wapare chini ya utumwa wa imani ya mizimu. Mmisionari alikuwa na sababu ya kuonyesha giza, kwani yeye ndiye aliyekuja na taa. Kisha kuna Profesa Isaria Kimambo, mmoja wa waliojenga historia kama somo pale Mlimani. Kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, kuanzia karibu 1500 mpaka 1900, kilisimamishwa juu ya masimulizi ya wazee wa koo. Ni kazi kubwa, lakini masimulizi ya koo yanahusu nani alitoka wapi, nani alitawala, nani alileta mvua. Mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu hana ukoo wa kumsimulia.

Mwanamke wa Kipare anaingia kwenye vitabu anapotoka barabarani. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same kupinga kodi ya mbiru, na baadaye wanawake nao wakaingia kwenye mapambano. Kimambo ameandika habari za mbiru mpaka zikawa kitabu kidogo chenye jina hilo, 1971, mwaka ule ule wa Mfalme Edipode ya Mushi. Tunajua wanawake wale walitaka nini kwa serikali ya Mwingereza. Hatujui mama zao walisema nini kwa waume zao usiku ule mtoto alipoota jino la juu. Kati ya miaka ya 1930 na 1945 si mbali. Baadhi ya waliosimama Same kudai haki walikuwa watu wazima wakati Malameni bado inatumika.

Na hapo ndipo tamthilia inafanya kazi ambayo mwanahistoria haiwezi. Mwanahistoria akienda Mbaga na daftari akauliza, "Nani kwenu alimpeleka mtoto?" atapewa jibu la bibi yangu: hayo ni ya zamani. Na ana haki kupewa jibu hilo, swali lenyewe ni la polisi. Lakini mtu akikaa kwenye kiti akamtazama Jocasta akisema nusu ya ukweli, halafu mchungaji akasema nusu iliyobaki, hakuna aliyemuuliza yeye chochote. Ameulizwa malkia wa Thebes.

Ndiyo maana nasema tusihamishe. Rotimi alihamisha na akafanikiwa, namheshimu, lakini yeye aliivika stori mavazi ya watu wake bila kuitia jina la mwamba ambao bibi ya mtazamaji anaufahamu. Sisi tukisimamisha Malameni jukwaani, mbele ya watu wa Same, tutakuwa tumegeuza tamthilia kuwa mashtaka. Watu watajitetea au watacheka, au watakasirika na kutoka. Tukiiacha Thebes, kila mtu atatembea mwenyewe kutoka Kithairon mpaka Mbaga kwa miguu yake, akitaka. Asiyetaka, atakuwa ameona tamthilia nzuri ya Kigiriki na atarudi nyumbani salama.

Sasa kwa wenzangu wa kikundi, haya ndiyo ninayopendekeza kwenye mazoezi ya wiki ijayo.

Jocasta asichezwe kama mtu asiyejua kitu mpaka dakika ya mwisho. Edipode akae kwenye ngazi, miguu wazi, na Jocasta akiwa anasema ile sentensi ya "mikono ya watu wengine" aiangalie ile miguu mara moja tu, halafu aangalie pembeni. Mara moja inatosha, watu wa Same si wajinga.

Wazee wa korasi wavae kawaida, mashati na makoti kama wazee wanaokaa kwenye kikao cha kijiji. Wao ndio jamii. Wanamwonea mfalme huruma, wanaogopa, lakini hakuna hata mmoja anayesema desturi yenyewe ilikuwa mbaya. Hilo tusiliongezee maneno, ukimya wao unatosha.

Kifo kibaki ndani, kama Sophocles alivyoandika, mjumbe aje asimulie. Kwanza hatuna hela ya damu bandia, hilo mnalijua. Pili, siri ya ndani ya nyumba inaishia ndani ya nyumba, na sisi wa nje tunaletewa habari.

Na mchungaji apewe mwigizaji wetu bora. Tulimpa yule mshikaji wa mwaka wa kwanza kwa sababu maneno yake ni machache, lakini mimi naona mzee huyu ndiye moyo wa kazi nzima. Aliamriwa aue, akashindwa kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoleta maafa yote. Nyinyi mngemwambia nini? Kwamba bora angeua? Hakuna anayeweza kutamka hivyo akiwa anamtazama usoni. Naamini Upareni nako walikuwepo wachungaji wa namna hiyo, watu waliotumwa wakasita njiani, kwa sababu binadamu ni binadamu. Hawajaandikwa popote. Kwa dakika tano jukwaani tunaweza kuwapa mahali pa kusimama.

Nimeshamwomba bibi aje siku ya onyesho. Amesema atakuja kama magoti yatakubali, ila kwa sharti moja: akae mbele, aione ile miguu vizuri.

Naomba kuwasilisha. Walio upande wa kuhamisha, njooni na hoja Jumanne saa kumi, ukumbi ule ule, na script mkononi tafadhali.